Mstari Mtupu wa Afande Saa Ngapi

Karibuni tuketi, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani apunguze mwendo. Saa hii ya Jumamosi huwa tunamkumbuka mtu mmoja aliyetutoka, na leo tunamkumbuka polisi. Ndiyo, polisi. Sajenti mstaafu wa kaunta, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Afande Saa Ngapi.

Kabla sijaenda mbali nina jambo la kuwaambia, maana mkija kulisikia kwingine mtasema niliwaficha. Mtu huyu aliwafaa wengi. Mara moja alikosea, na kosa lile liliangukia nyumbani kwetu. Miaka kumi na tisa iliyopita mdogo wangu alipelekwa kwenye kituo chake na hakuonekana tena. Mhariri wangu aliniuliza kama nataka mwenzangu anishikie kipindi. Nikamjibu nitasoma mwenyewe. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nimekaa hapa, maikrofoni iko mbele yangu, na moyo umekufa ganzi. Mtanisamehe sauti.

Haya, tuanze na maisha yake.

Alizaliwa mtoto wa tano wa mpishi wa shule. Aliingia polisi kwa sababu ya urefu. Alikuwa akisema mwenyewe kwamba siku ile walitafuta watu warefu, na yeye alikuwa mrefu na hana kazi. Kwenye mafunzo ya shabaha alilenga bati akapiga ukuta. Lakini alikuwa na mwandiko mzuri, basi wakamweka kaunta. Alikaa kaunta miaka ishirini na minane.

Naijua kaunta ile. Ni ya mbao, imechakaa pale watu wanapoweka viwiko. Nyuma yake kuna saa ya ukutani, na juu ya kaunta kuna kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Ni kitabu cha mahabusu, yaani watu wote waliokamatwa na kuletwa pale. Kila mtu na mstari wake. Jina. Saa ya kuingia. Sababu ya kukamatwa. Mali aliyokuja nayo. Hali ya mwili. Na safu ya mwisho kabisa, saa ya kutoka.

Chini ya kaunta, karibu na mhuri, sajenti aliweka nakala yake ya katiba. Alikuwa ameifunika kwa karatasi ya kalenda kama daftari la mtoto wa shule. Kila aliyeletwa alisomewa ukurasa mmoja, na ni ukurasa huohuo kila siku. Kwamba mtu akikamatwa aambiwe kwa nini amekamatwa. Ndugu zake wajue yuko wapi. Asipigwe, asiteswe. Na ndani ya saa ishirini na nne afikishwe mbele ya hakimu. Narudia, wasikilizaji, kwa sababu yeye alikuwa akirudia: saa ishirini na nne.

Alimsomea mwizi wa kuku, akamsomea mlevi aliyekuwa akiimba. Askari aliyefanya naye kazi ameniambia juu ya kibaka mmoja aliyekuwa mteja wa mara kwa mara. Siku moja kibaka akasema, "Afande, huo ukurasa nimeshaukariri, ruka basi." Sajenti akamjibu, "Siruki. Si wako peke yako." Akausoma wote, na kibaka akamfuatiza kwa midomo mpaka mwisho.

Halafu aliangalia ukutani na kuuliza, "Saa ngapi hiyo?" Saa aliiona mwenyewe, lakini alitaka mahabusu naye aiseme, ili wote wawili wawe wameikubali. Ndipo alipoandika. Jina la Afande Saa Ngapi lilitokea hapo.

Mjane wake anasema tabia hiyo ilimfuata mpaka nyumbani. "Mgeni akibisha hodi, anaangalia saa kwanza, ndipo aseme karibu," ameniambia. Binti yake, ambaye ni mwalimu, anasema akichelewa kurudi alikuwa anaulizwa saa, sababu, na mali aliyokuja nayo. Alicheka kidogo aliposema hivyo. Mimi pia nilicheka, nadhani.

Sajenti alipenda methali moja: asiyekuwepo na lake halipo. Aliitumia kuwaeleza askari wapya kwa nini kitabu ni muhimu. Mtu akiwa kitabuni, yupo. Wakili anaweza kumwulizia, mama yake anaweza kumletea sabuni, hakimu anaweza kuuliza mbona zimepita saa thelathini. Asipokuwa kitabuni, nani atamdai?

Sasa nakuja nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa vipaza sauti. Mtaani walimwita Fundi Spika. Alikuwa na spika mbili, amplifaya moja na waya nyingi kuliko akili, kama mama alivyosema. Alikodisha kwenye harusi, misiba na mikutano. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Wafanyabiashara wa soko walikuwa wamebomolewa vibanda, wakaitisha mkutano uwanjani kuuliza kwa nini. Katiba yetu inawaruhusu watu kukusanyika kwa amani na kusema wanachofikiri. Wafanyabiashara walikusanyika, wakamkodi fundi. Hakuhutubia. Kitu alichosema kwenye kipaza sauti siku ile ni hiki tu: "Moja, mbili, tatu, mnanisikia kule nyuma?" Mkutano ukavunjwa kwa virungu, watu wakakimbia. Yeye hakukimbia kwa sababu alikuwa anakunja waya.

Watu walimwona akipakiwa kwenye gari la polisi. Hilo tulikuwa na mashahidi wake. Jirani mmoja alituletea kiatu alichokiokota uwanjani, kiatu cheusi cha ngozi cha mguu wa kulia, namba arobaini na moja. Namba ya mdogo wangu. Mama alikiweka chini ya kitanda. Kwa miaka kumi na tisa swali la mama lilikuwa moja, nalo si lile ambalo mngelitegemea. Alikuwa akiuliza, "Walimtembeza mguu mtupu?"

Kesho yake asubuhi mama alikwenda kituoni na mfuko. Shati, sabuni, mswaki, na kandambili kwa sababu ya ule mguu. Nilikuwa naye. Sajenti mrefu alifungua kitabu, akapitisha kidole chini taratibu, jina kwa jina, akafunga. Akasema, "Mama yangu, hayumo." Tulirudi siku ya pili, tukaambiwa hayumo. Siku ya tatu, hayumo. Tulikwenda mahakamani, karani akatuuliza ameandikwa kituo gani. Hakuwa ameandikwa kituo chochote. Na asiyekuwepo, na lake halipo.

Mama alirudi na mfuko ule ule.

Miaka minne baadaye wauguzi saba wa hospitali ya wilaya walikamatwa kwa kugoma. Waliletwa kaunta. Simu ikalia, na mkubwa mmoja akasema, "Hao usiwaandike bado." Sajenti akamjibu, "Kalamu imeshashuka, mkuu." Akawaandika wote saba. Muuguzi mmoja ameniambia, "Alituuliza mpaka hali ya meno. Tulidhani anatudhihaki." Pembeni ya ukurasa aliandika pia cheo cha aliyepiga simu na saa aliyopiga.

Saa zikapita ishirini na nne, zikapita ishirini na nane. Wakili akaenda kwa hakimu, hakimu akaagiza kitabu kiletwe, kikaletwa. Hakimu alisoma saa ya kuingia, akaangalia saa yake ya mkononi, na wauguzi wakaachiwa siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye sajenti alihamishwa kwenye stoo ya vitu vilivyookotwa. Alilinda miavuli na baiskeli za watu kwa miaka tisa, mpaka akastaafu. Hakupandishwa cheo tena. Askari mwenzake anasema aliviandikia vitu vile kitabu, kila mwavuli na mstari wake na saa uliyoletwa.

Kwa hiyo nilikuwa nimesikia sifa zake, wasikilizaji. Nilizisikia nikiwa hapahapa redioni. Watu walipiga simu kumsifu, nami niliwashukuru na kuweka muziki.

Alhamisi binti yake, yule mwalimu, alikuja studio na bahasha. Alikataa kuketi. Akasema, "Dada, baba aliniandikisha haya wiki tatu kabla hajafa. Alisema uyasome wewe, au yasisomwe." Nikamwuliza kama anajua yaliyomo. Akasema, "Niliyaandika kwa mkono wangu. Najua."

Nasoma.

"Siku ile aliletwa kijana mwenye waya begani. Nilimsomea ukurasa. Nikamwuliza saa ngapi, akaitaja. Kalamu ilikuwa mkononi. Simu ikalia, nikaambiwa, huyo usimwandike bado. Nikasubiri. Nilimwachia mstari wake mtupu nikijua nitaujaza. Saa kumi akaletwa mwingine, nikamwandika mstari wa chini yake. Saa kumi na mbili zamu yangu ikaisha, kijana nikamwacha yuko hai. Asubuhi sikumkuta, na mstari ulikuwa umekatwa kwa kalamu. Mama yake alipokuja nilimwambia hayumo kitabuni. Lilikuwa neno la kweli, hakuwemo. Nililisema mara tatu. Baada ya hapo sikusubiri tena kwa mtu yeyote, lakini hilo halimsaidii mama yule. Mstari wake ni huu."

Na hapa chini, wasikilizaji wapendwa, binti yake amechora safu kwa rula, kama za kitabuni. Nasoma mstari.

Jina: Fundi Spika, ndivyo alivyojitambulisha. Saa ya kuingia: tisa na dakika kumi alasiri. Sababu ya kukamatwa: hakuelezwa. Mali: waya mweusi mita kumi hivi, bisibisi moja, kalamu ya kupimia umeme, funguo mbili, viatu vyeusi vya ngozi jozi moja. Hali ya mwili: mzima, mkwaruzo kwenye kiwiko cha kushoto. Aliomba maji akapewa. Aliuliza spika zake ziko wapi.

Safu ya saa ya kutoka haina kitu. Sajenti ameandikisha hapo chini kwamba saa hiyo haijui, na kwamba aliyetoka na kijana anaijua.

Nilikuwa nadhani siku nikiyasoma haya nitalia, au nitapiga meza. Nimemtafutia mtu huyu hasira tangu Alhamisi na siipati. Msamaha sijautafuta. Nasema hivi kwa sababu najua kuna watakaoniuliza dukani.

Jana nilimsomea mama jikoni. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Rudia pale kwenye mali."

Nikarudia. Viatu vyeusi vya ngozi, jozi moja.

Akasema, "Kumbe alikuwa na viatu vyake."

Nikasema ndiyo, mama.

Akakaa. Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka pembeni. Akasema, "Basi kile cha chini ya kitanda ni cha mtoto wa mwenzangu."

Kwa mjane wa marehemu, kwa binti yake mwalimu, kwa wajukuu: poleni sana. Najua si kila familia ingeileta bahasha ile. Mngeweza kuizika naye, na hakuna ambaye angejua. Mungu awape subira. Na kwa kuwa nyumbani kwetu hatukuwahi kupewa pole, maana hatukuwa na wa kuzika, namwambia mama yangu leo, mbele yenu nyote: pole, mama.

Wasikilizaji wapendwa, katiba ni ukurasa, na ukurasa unasubiri mtu aliyeshika kalamu. Mwenzenu akikamatwa, nendeni kaunta. Msiridhike na hayumo. Ulizeni mstari uko wapi, ulizeni saa ngapi. Na wewe uliyeketi nyuma ya kaunta yoyote, ya polisi, ya hospitali, ya kituo cha kupigia kura, simu ikilia na kusema bado, jiulize huyo aliye mbele yako atakuwa wapi asubuhi. Na wewe uliyetoka na Fundi Spika usiku ule, kama u hai, kuna safu inakungoja. Karatasi ninayo mimi, na nakala ipo kwa wakili.

Nimalizie kwa tangazo. Kimeokotwa kiatu, miaka kumi na tisa iliyopita, uwanjani, siku ya mkutano wa wafanyabiashara wa soko. Ni cha ngozi, cheusi, mguu wa kulia, namba arobaini na moja. Aliyekipoteza, au mama yake, apige simu hapa redioni. Kiko katika hali nzuri. Mama alikuwa akikipaka rangi kila Jumapili, na leo asubuhi, ingawa ni Jumamosi, amekipaka tena.