Swichi ya Vita: Maisha ya Marehemu Thani bin Safwan

Ndugu waombolezaji, mliokusanyika katika sabla hii, baraza yetu ya mikutano hapa Sidab, siku ya tatu ya msiba wetu, historia hii inasomwa na mpwa wa marehemu kwa niaba ya mjane wake, Bibi Masouda, pamoja na wanawe, na kama yupo anayejiuliza kwa nini haisomwi na kaka mkubwa wa marehemu, Bwana Sleiman, kama ilivyo ada yetu, basi avute subira, jibu limo humu humu.

Marehemu Thani bin Safwan alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 3 Agosti 1949, akasoma hapo hapo Wete hadi darasa la nane, akajifunza umakanika Mombasa, na mwaka 1973 akamfuata kaka yake Maskati, akaajiriwa jeshini kuwa fundi wa jenereta, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 1992. Mwaka 1976 alimuoa Masouda, wakajaaliwa watoto watatu, Kawthar, Mutasim na Fajr, ambao wote aliwasomesha kwa mikono isiyotakata hata siku ya Idi.

Alipostaafu yeye, zile jenereta kuukuu za dizeli nazo zilikuwa zikistaafishwa, jeshi likiziuza kwa mnada, na marehemu akafungua karakana Wadi Kabir, akawa anazifufua kwa wenye mashamba na maghala. Vipuri vya mashine hizo havikuwa vikipatikana tena dukani, hivyo mashine iliyokufa aliichinja ili mbili ziishi, na mteja akileta malalamiko, marehemu alimwambia kwanza anyamaze, kisha akautazama moshi, akijua kwamba mweusi ni mashine inayokosa hewa, mweupe ni dizeli isiyoungua na wa buluu ni oili inayoliwa ndani. Wateja wenye haraka walimchukia kwa hilo, wakarudi kwake vilevile.

Lipo jambo moja la mashine hizo ambalo lazima lielezwe. Jenereta ya kawaida oili ikipungua au maji yakichemka hujizima yenyewe ili isife, lakini hizi za jeshi zina swichi ya pembeni, mafundi wakiiita swichi ya vita, ambayo ukiipandisha mashine haijizimi tena kwa hali yoyote, kwani katika mapigano askari ni afadhali apoteze mashine kuliko kukaa gizani. Marehemu alikuwa akisema kwamba vita vimekwisha na mashine nayo ina haki ya kupumzika, na hakuna jenereta iliyotoka karakanani kwake bila swichi hiyo kuteremshwa na kufungwa kwa waya.

Mwaka 1998 Bwana Sleiman alijenga nyumba ya barafu ya kuhifadhia samaki hapa Sidab, marehemu akamfungia jenereta bora kuliko zote alizokuwa nazo, na siku ya kuiwasha, kwa fahari ya fundi mbele ya kaka yake, akamwonyesha kila kitu, hata ile swichi, akamsihi asiiguse.

Kilipopita kimbunga cha Gonu, Juni 2007, na umeme ukakatika, marehemu aliiwasha mashine ya Sidab, akabadilisha chujio, akaagiza izimwe kila asubuhi ipimwe oili, kisha akaenda Amerat kufufua pampu za maji, maana watu walikuwa na kiu. Nyuma yake oili ikaanza kuvuja, mashine ikawa inajizima, simu hazishiki, barafu inayeyuka, na Bwana Sleiman, ambaye tangu utotoni neno ngoja halijapata kumuingia sikioni, akaikata ile waya, akaipandisha swichi. Mashine ikanguruma bila kusimama, waliokuwepo wakamsifu, mpaka oili ikaisha kabisa, chuma kikavunjika ndani na kutoboa ubavu wa injini, moto ukaidaka dizeli, na nyumba ya barafu ikateketea pamoja na samaki wote wa wavuvi wa hapa.

Katika sabla hii hii Bwana Sleiman alisimama akasema, "Thani kaniachia mashine haina oili. Mimi si fundi, ntajuaje?" Marehemu alikuwa ametoka huko kwenye majivu, ameiona swichi ilivyopandishwa na ncha za waya zilivyokatwa kwa koleo, lakini aliinama, akambusu kaka yake kichwani, akatoka.

Nyumbani Masouda alimwambia, "Sema, bwana, kweli unayo." Akamjibu, "Nnayo. Lakini nikisema ntamvua nguo kaka yangu mbele ya wanawe. Maadamu nipo hai, usiseme na weye." Masouda akaahidi, na inamuuma mpaka leo kwamba aliahidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakutuambia mtu afanyeje ikiwa nguo yenyewe kavishwa na baba yake.

Wavuvi wakaacha kumwamkia, wateja wakaenda kwingine, na mwaka 2008 karakana ikafungwa. Novemba mwaka huo moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, akitembelewa na kila mtu isipokuwa yule aliyekuwa akimtazamia mlangoni, hadi Jumatano ya tarehe 11 Machi 2009, kabla ya adhuhuri, alipofariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha, na mafundi wenzake wa Wadi Kabir waliomchimbia kaburi kwa mikono yao.

Kwa ada yetu, hapa ndipo familia humuombea marehemu radhi kwa aliowakosea. Tunamuombea kwa ukali wake na kwa kila neno alilomtupia mtu. Kwa nyumba ya barafu hatumuombei, kwa sababu hakukosa. Ahadi ya Masouda ilikwisha Jumatano, na radhi ya familia hii kwa Bwana Sleiman ipo, ila aje aiombe mwenyewe, kwa sauti ile ile aliyosimama nayo hapa.

Pumzika kwa amani, Thani. Kusema, tumekusemea.