Mzee Yordani Isaka, fundi aliyepiga magoti na bastola ya mti

Ndugu na majirani, nanyi mliosafiri kutoka Handeni, Mnyuzi na Kang'ata, poleni kwa njia na poleni kwa msiba, wenye viti na wenye mikeka kaeni vizuri, familia inaomba masikio yenu, na mtu akicheka katikati asione haya, maana huyu tunayemzika leo hakupenda kuzungumza na watu walionuna.

Mzee Yordani Isaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 katika kambi ya mkonge ya Mnyuzi, mtoto wa tatu wa mzee Isaka, aliyetoka Kasulu kuja kukata mkonge kwa mkataba wa miaka miwili na asirudi tena, na wa mama Mwanaisha Mhina, Mzigua wa Kang'ata, ndiyo maana hapa leo kuna rozari na kuna tasbihi, na hakuna anayemshangaa mwenzake.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Mnyuzi mwaka 1959, akafika darasa la nne mwaka 1962, mtihani ukamkataa, na baba yake alipomuuliza sasa itakuwaje alijibu, "Baba, kalamu imenishinda, nitafutie kisu," akiwa na maana ya kisu cha kukatia ngozi, lakini mzee Isaka alidhani mtoto amechanganyikiwa, akaficha visu vyote vya nyumba siku tatu, mboga zikakatwa kwa meno.

Mwaka 1966 alipelekwa Old Korogwe kwa fundi Jabiri, mshona viatu na mshona ala, yaani ile mifuko ya ngozi ya kuchomekea sime na visu, akakaa kwake miaka saba akiloweka ngozi na kuipaka mafuta, na fundi Jabiri kila akiona mwanafunzi anakimbilia futi alikuwa akimkemea, "Usipime kitu, mpime mtu." Mwaka 1973 marehemu akafungua kibanda chake mwenyewe, karibu na njia ya kuteremkia mtoni, na wafugaji wakawa wanakuja toka mbali, kwa kuwa ala ya Yordani haikuangusha sime hata mwenye nayo akikimbizwa na nyati.

Tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa na Bernadina, binti aliyekuja kibandani kutengenezewa ndala ya ngozi, ikatengenezwa mara nne na mara zote nne ikakatika pale pale, mpaka mama yake Bernadina akasema, "Huyu fundi ama kazi haijui, ama anajua nyingine." Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza Abraham, mfanyabiashara wa Handeni, na wajukuu kumi na mmoja.

Kisha ikaja miaka ya viatu vya plastiki, mnadani zikajaa ala za nailoni, kibanda kikawa kinashinda bila mteja, na mwezi Juni 2021 Abraham alikuja, akamwamkia baba yake, akasema, "Baba, Handeni kuna chumba chako, kina kitanda na televisheni, hapa unafanya nini na vumbi hili?" naye akajibu, "Ninalingoja litulie." Wakaelewana mbele ya mama yao kwamba ikifika Pasaka ya 2022 bila kazi ya maana, kibanda kifungwe na mzee ahamie kwa mwanawe. Alikubali kwa mdomo, lakini mkewe alimwona siku zile akipitisha kiganja juu ya benchi lake, kama mtu anayempapasa mbuzi ambaye kesho anauzwa.

Ndipo mwezi Oktoba akaja Zaidi, kijana wa hapa Korogwe, yeye na wenzake wanane wana mchezo wa kupigana vita vya uongo kila Jumamosi ndani ya kile kiwanda kibovu cha mkonge Mnyuzi, kijiji kimewapa kibali, wanavaa miwani mikubwa ya kukinga macho na kurushiana vidonge vya plastiki kwa bastola za kuchezea, na aliyepigwa huinua mkono mwenyewe akatoka. Marehemu aliuliza, "Na asiyekiri kwamba kapigwa?" Zaidi akasema, "Huyo, mzee, hatumwiti tena." Akasema, "Basi ni mchezo wa waaminifu, lete hiyo bastola niione." Walikuwa wanataka ala za kuvaa kiunoni, maana zile walizonunua zilikuwa zinalegea na kumwaga bastola majanini.

Akachonga bastola ya mti wa mpera ya kufinyangia ngozi mbichi, akawauliza mmoja mmoja anakula kwa mkono gani, wote tisa wakasema wa kulia, akawashonea ala tisa za upande wa kulia, zenye kina na zinazoning'inia pajani, vile vile alivyowashonea wafugaji miaka hamsini. Jumamosi ya tarehe 20 Novemba 2021 alikwenda mwenyewe Mnyuzi kuziona zikifanya kazi, na alichokiona kilimtoa jasho, bastola zilizama ndani mpaka mtu anavuta kama anayeng'oa muhogo wa kiangazi, akikimbia ala inamchapa paja, akipiga magoti inamchoma nyonga, na binti mmoja wa kundi lile, Yusra, alijipinda kutafuta bastola yake kama mtu anayewashwa mgongoni, akapigwa vidonge sita kabla hajaigusa. Akaja akasema, "Babu, mimi natupa kwa kushoto." "Mbona ulisema unakula kwa kulia?" "Babu, nani angenilea nile kwa kushoto?" Marehemu akasema, "Nimeupima ugali, mtu sikumpima."

Zaidi alimwambia kwa adabu kwamba labda wataagiza za dukani, na Abraham alipopata habari alipiga simu akasema, "Baba, si nilikwambia, Pasaka haiko mbali," lakini marehemu alimwomba Zaidi asiagize kwanza, ampe hadi Pasaka hiyo hiyo, akajifunga ala kiunoni na bastola ya mti ndani yake, akawa haivui ila akienda kanisani, akipalilia anayo, akichota maji anayo, akipanda bodaboda anayo, akaiweka mbele tumbo likaimeza alipokaa, akaiweka mgongoni akailalia kama jiwe, na majirani wakaanza kumwita afande, naye akaitika.

Jumapili ya tarehe 16 Januari 2022 alisahau kuivua, akaingia nayo kanisani chini ya koti, na watu walipopiga magoti kitako cha bastola kikagonga benchi, kanisa zima likasikia. Katekista akainama akamnong'oneza, "Mzee Yordani, humu tumekuja kuombea amani," naye akamnong'oneza vile vile, "Nami nimeileta ipige magoti," kwaya ikashindwa kuanza wimbo. Watu waliposimama yeye alibaki chini, Bernadina akafurahi moyoni akidhani mzee ametubu, kumbe anapima kwa vidole, kwa sababu hapo ndipo alipoelewa kwamba mfugaji ni mtu wa kutembea na kusimama, hawa wenzetu ni watu wa kupiga magoti na kulala kifudifudi, na ala ya yule haiwezi kuwa ya hawa.

Akaanza upya, akaipandisha kutoka pajani mpaka juu, ikaukalia mfupa wa nyonga, vidole vitatu nyuma ya mshono wa suruali, kitako kikaelekea mbele kidogo, akakata mdomo mfupi ili ngumi nzima ishike kwa mara moja, akaweka ulimi wa ngozi unaofunguka kwa dole gumba, na pale penye kifyatulio akapafunika kabisa, akisema, "Kidole kisiingie kabla ya akili." Safari hii kila mmoja alikuja na bastola yake, akaulizwa, "Ukimtupia mbwa jiwe unatumia mkono upi?" ikajulikana wa kushoto ni wawili, kisha kabla hajashona aliwaamuru wapige magoti, walale, wakimbie mpaka relini na kurudi, watu wakajaa kibandani kama kuna harusi.

Jumamosi ya tarehe 9 Aprili 2022, wiki moja kabla ya Pasaka, walicheza na wageni kutoka Tanga, Abraham akiwa amesimama karibu na baba yake mikono nyuma, na ilipobaki dakika chache Yusra alipiga goti nyuma ya ukuta wa kiwanda, mkono wa kushoto ukashuka na kupanda mara moja, kiongozi wa wageni akapigwa kifuani. Yule bwana aliinua mkono kama mchezo unavyotaka, lakini hakutoka, alimwendea Yusra akamuuliza, "Dada, hiyo ala umeipata wapi?" na Yusra akamwonyesha mzee mwenye koti. Wiki iliyofuata Abraham alirudi na mabati mapya ya kibanda, akasema, "Baba, kile chumba cha Handeni nimekipangisha," na tangu hapo kazi haikukatika.

Mwezi Agosti 2024 marehemu alipatwa na shinikizo la damu, mguu wa kushoto ukapooza, akatibiwa na kupata nafuu, akarudi kazini kwa mkongojo, na nesi alipomtaka apumzishe mikono alimwambia, "Mwanangu, ugonjwa uko mguuni, mikono haijapata habari." Mwishoni mwa Mei 2025 hali ilibadilika, na Ijumaa ya tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na mkewe na wanawe, alituacha, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kuvumilia maneno yake, majirani wa Old Korogwe waliopika na kuteka maji tangu Ijumaa, ndugu wa Kang'ata, wafugaji walioacha mifugo njiani, wanaparokia na wenzetu wa msikitini, na Zaidi na kundi lake, walioomba wao ndio wabebe jeneza. Juu ya benchi kuna ala moja imebaki nusu, ya mteja wa Tanga, na kama mwenyewe yupo hapa anaombwa avumilie, Yusra, ambaye marehemu amemfundisha miaka miwili hii, ataimaliza, ila asishangae, uzi utaanzia kushoto.

Nenda, Yordani, mwana wa Isaka na Mwanaisha, Mungu akupe amani na mahali pazuri pa kukaa, kazi umeiacha inaendelea.