Marehemu Bi Sura, Mpokezi wa Wagonjwa na Mwandishi wa Watoto

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu dada yetu, ambaye karibu kila mtu alimwita Bi Sura, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa mabehewa na mkunga wa zahanati. Wageni walidhani jina hilo alipewa kwa uzuri wa uso, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba tangu utotoni, ukimwita aje kuosha vyombo, alijibu, "Nakuja, namalizia sura hii." Vyombo tuliosha sisi wadogo zake.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978 katika sekondari ya wasichana. Mwalimu wake wa lugha aliandika kwenye ripoti, "Insha ndefu mno." Baba alimgombeza. Yeye aliona amesifiwa. Mwaka 1980 alihitimu chuo cha uhazili.

Mwaka uliofuata aliajiriwa mapokezi katika kliniki ya meno, akakaa pale hadi alipostaafu mwaka 2016. Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi mawili, feni yenye kelele na ukuta mwembamba, kwa hiyo watoto walisikia kila kilichoendelea ndani. Ili wasilie, marehemu akaanza kuwasimulia kisa cha kifaru aliyeogopa sindano. Mara nyingi daktari aliita jina la mtoto pale pale utamu ulipokolea. Siku moja msichana mdogo aliyekwisha kung'olewa jino, pamba ikiwa bado mdomoni, aligoma kuondoka. Mama yake akasema, "Dada, huyu hatoki hapa mpaka ajue mwisho. Si uandike tu, tununue?" Maneno hayo yalimwingia.

Akaandika. Mchapishaji wa kwanza alisema riwaya ni ndefu kwa watoto. Akaipunguza, mwingine akasema ni fupi kwa riwaya. Akaambiwa hadithi za wanyama zimepitwa na wakati, na alipoandika ya watu, akaulizwa kwa nini hakuna mnyama hata mmoja. Wengi hawakujibu kabisa. Tulizoea kumwona akifungua bahasha akiwa bado amesimama mlangoni, mkoba begani, kisha akienda moja kwa moja jikoni kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, wakajaliwa binti na mwana. Shemeji yetu si mtu wa maneno mengi. Mwaka 1998, akiwa katikati ya kuiandika upya hadithi ya kifaru, marehemu aliifunika taipureta kwa shuka. "Nimechoka," alimwambia mumewe. "Mtu mzima nahangaika na vifaru! Mimi ni mpokezi wa wagonjwa, basi." Mumewe hakumbishia. Miezi ikapita. Jioni moja, akiwa anavua viatu, akauliza:

"Mama watoto, yule kifaru alichomwa au hakuchomwa?"

"Kwani wewe ulisoma?"

"Nilisoma. Umeniacha njiani."

"Mimi mwenyewe sijui."

"Basi ukijua uniambie. Nipo."

Marehemu alinuna hadi kesho yake. Kisha shuka likaondolewa. Baadaye alikuwa akitwambia kwamba hakurudi kwa ushujaa wowote, alirudi kwa sababu kulikuwa na mtu anasubiri.

Mwaka 2009 riwaya ya kifaru ilikubaliwa, na kampuni ikafungwa kabla ya kuichapa. Hapo alilia mbele yetu. Ilipotoka hatimaye mwaka 2014, kwa mchapishaji mwingine mdogo, alikigeuza kile kitabu mkononi akasema, "Mbona chembamba hivi?" Hakikuuzwa sana. Wala mashaka hayakumwacha; alisema pengine walimhurumia tu. Hata hivyo akaanza riwaya ya pili.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021. Safari za kwenda kusafishwa damu zilimmaliza, na si siri, zilituchosha na sisi. Alikuwa akirudi nyumbani hawezi hata kushika kikombe, akilala kidogo, akiamka anaulizia karatasi zake. Mwezi Agosti mwaka jana, akiwa wodini, likaja jibu la riwaya ile ya pili. Binti yake alitaka kulificha.

"Wamekataa?" akauliza.

"Mama, pumzika kwanza."

"Soma."

Binti akasoma. Marehemu alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. "Wanasema sura ya tatu inachosha," akasema. "Wana haki. Inanichosha hata mimi. Nipe kalamu."

Alifuta ukurasa mmoja na nusu, akaandika mistari michache juu yake, usingizi ukamchukua. Aliendelea hivyo, kidogo kidogo, kila alipopata nguvu. Alifariki tarehe 9 Septemba mwaka huu, asubuhi, mumewe akiwa pembeni. Sura ya tatu haikuisha.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, kaka yake mkubwa, na sisi wadogo zake wawili.

Dada yetu alichoka kweli kweli. Mungu ampe pumziko jema.