Mzee Faustino, Aliyeipa Mbingu Kamati

Jumamosi hii, tarehe 30 Mei, Mzee Faustino anastaafu baada ya miaka kumi na minane ya kutunza ukumbi wa kanisa letu hapa mjini New Hope, ugenini kwenye theluji, na, muhimu zaidi, ya kututafsiria vichekesho vya Kichina. Kwa wageni wasioijua kazi hiyo: filamu huonyeshwa ukutani, sauti hupunguzwa, naye hushika maikrofoni na kuwasemea wote kwa Kiswahili, mabinti, wazee na majoka. Alijifunza kwenye vibanda vya video vya Morogoro. Kichina hakijui. Hilo halijawahi kumzuia.

Filamu anazozipenda ni zile zinazoleta hekaya za kale za China katika mji wa leo. Mfalme wa mbinguni ana ofisi ya vioo, na joka la bahari linatafuta pa kuegesha gari. Mungu wa jiko, ambaye kila mwisho wa mwaka hupelekea mbinguni habari za nyumbani, siku hizi hushtaki kwa simu. Wenye nyumba humpaka asali mdomoni ili aseme mazuri tu.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mchungaji Griffins alipita mlangoni akasikia miungu sita ikitajwa ndani ya ukumbi wa kanisa. Akaomba, kwa upole, ipunguzwe hadi Mmoja. Mzee ni mtu mtiifu. Wiki iliyofuata mbinguni hapakuwa na miungu. Palikuwa na kamati. Mfalme alikuwa Mwenyekiti, na mungu wa jiko Mweka Hazina.

"Mwenyekiti amekalia kiti miaka elfu tatu," Mzee alitangaza, "na uchaguzi utafanyika theluji ikiisha!"

Watu walicheka hadi machozi. Mwenyekiti wa kamati yetu ya ukumbi, Bwana Maurice, hakucheka.

"Mzee, huyo ni mimi ama?" aliuliza kutoka safu ya mbele.

"Hapana, Bwana Mwenyekiti," maikrofoni ilijibu. "Wewe bado kijana, una miaka tisa tu kitini."

Kamati ilikutana Jumatatu na akidi ikatimia, jambo la kushangaza. Iliamua kwamba Mzee akiondoka, filamu ziwe na maandishi ya Kiingereza, kwa faida ya watoto wasiojua Kiswahili.

Jaribio lilifanyika Jumamosi iliyopita. Wazazi waliotoka zamu ya usiku walilala. Watoto walisoma kimya kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Kisha mfalme akaingia, na binti wa Mama Velma, ambaye nyumbani husemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, akapaza sauti: "Mwenyekiti huyo! Leteni asali!"

Wenzake wakadakia. "Joka, usipaki hapo! Gari itavutwa!" Waliisemea filamu mpaka mwisho, ngeli zikiwa zimepinda. Bwana Maurice alionekana akicheka, ingawa kumbukumbu za kamati huenda zikasema alikohoa.

Sasa Mzee anahamia Inver Grove Heights kwa binti yake Anastasia, ambako mkwewe hutazama gofu tu kwenye televisheni. Tunaamini gofu nayo itapata maneno.

Asante, Mzee, kwa kutufanya tucheke kwa lugha yetu. Maikrofoni imefungwa kabatini, na kamati haijasema nani ataishika. Kwa Mama Velma yupo msichana wa shule anayefanya mazoezi bafuni. Sauti zote anaziweza isipokuwa ya radi, na radi anaendelea kujifunza. Tunakutakia mapumziko yenye afya na vicheko. Ila kabla hujaondoka, mpitie Mwenyekiti umwambie neno zuri juu ya msichana huyo. Asali iko mezani, karibu na mandazi.