Taya la Mbwana

OPERATA: Kwediboto, pokea. Simu yako kutoka Korogwe. Dakika tatu.

BONAVENTURA: Haloo, kituo cha polisi Kwediboto. Nani mwenzangu?

SWAUMU: Mimi, mtani. Swaumu, dada yake Mbwana. Yule mliyempakia kwenye lori juzi. Unamkumbuka, au mmekwisha pakia wengi mpaka sura zimewachanganya?

BONAVENTURA: Shikamoo, dada.

SWAUMU: Marahaba. Mbona sauti imekuwa ndogo kama ya bwana harusi? Sajini Simeo yupo?

BONAVENTURA: Ndiyo.

SWAUMU: Karibu?

BONAVENTURA: Anakunywa chai, meza hii hii.

SWAUMU: Basi wewe sema ndiyo au siyo tu. Niko hospitali, nimeomba simu ya ofisi. Taya la Mbwana limevunjika, wamelifunga kwa waya. Mbwana yule, mdomo kama redio ya kijiji, leo anaomba maji kwa kidole.

BONAVENTURA: Pole sana, da—

SWAUMU: Pole utanipa siku nyingine. [mkwaruzo] Haloo?

BONAVENTURA: Nipo.

SWAUMU: Amekuja Inspekta kutoka Tanga kuuliza habari hii. Yuko hapa barazani, gari lake linanguruma. Sajini wako amemweleza kwamba Mbwana aliruka kwenye lori atoroke, akaangukia uso. Aliruka?

BONAVENTURA: Siyo.

SWAUMU: Alikuwa na pingu?

BONAVENTURA: Ndiyo.

SWAUMU: Mikono nyuma?

BONAVENTURA: Ndiyo.

SWAUMU: Nilijua. Magoti yake hayana hata mchubuko. Lori linakimbia, barabara ya changarawe, halafu mtu anaumia taya tu. Labda liliruka lenyewe, likamwacha amekaa.

BONAVENTURA: Dada, hii ni simu ya kazi, kama una shida ya—

SWAUMU: Anakutazama?

BONAVENTURA: Ndiyo. [kando] Ni ndugu yangu, afande. Habari za nyumbani. [kimya] Ndiyo afande. [kimya, mlango] Ametoka. Ameitwa na watu wa kijiji huko nje. Haraka, dada.

SWAUMU: Mbwana alimfanya nini Sajini? Kurudi mahame kung'oa mihogo yake wakati tumeamriwa kuhamia kijijini, hilo kosa analo, Operesheni ni Operesheni. Lakini watu wanasema alimtukana mkubwa. Matusi sikumlea nayo.

BONAVENTURA: Hakumtukana. Alinitania mimi.

SWAUMU: Alisemaje?

BONAVENTURA: Alisema, "Wewe Mnyamwezi, babu yako alipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, baba yako akabeba mkonge, nawe umebebeshwa bunduki. Kwenu mizigo haiishi?"

SWAUMU: [anacheka kidogo] Ni yeye huyo.

BONAVENTURA: Nikacheka. Mzigua kanitania, ninune? Sajini kwao hawana utani na mtu. Akadhani tunamcheka yeye. Akachukua bunduki, akaigeuza kitako... Mbwana alikuwa bado anacheka, dada. Hakuona.





SWAUMU: Hayo mwambie Inspekta.

BONAVENTURA: Mimi?

SWAUMU: Mimi nimemwambia, akasema dada wa mtu si shahidi. Akasema askari akiwa na neno aseme mwenyewe kabla gari halijaondoka. Halafu kumbe hata wewe huna neno. Sajini amesema ulikaa mbele na dereva.

BONAVENTURA: Nilikaa wapi?

SWAUMU: Mbele. Kwenye kiti chenye godoro, kama mke wa dereva.

BONAVENTURA: Nilikaa nyuma. Magoti yangu na ya Mbwana yalikuwa yanagongana njia nzima.

SWAUMU: Sema hivyo hivyo.

BONAVENTURA: Dada, wewe utakata simu, mimi nitabaki hapa. Nalala chumba kimoja na watu wake. Kesho napanda lori lile lile, yeye akiwa pembeni yangu.

SWAUMU: Kesho mnamfuata nani?

BONAVENTURA: Mambo ya kazi hayo.

SWAUMU: Nani, mtani?

BONAVENTURA: Mzee Mhina. Amekataa kuhama, anasema hawezi kuyaacha makaburi ya kwao.

SWAUMU: Mhina huyu wa kwetu? Aliyelala kaburini kwenye msiba wa baba yako, akazuia mazishi yasiendelee mpaka Wanyamwezi mumletee pombe?

BONAVENTURA: Huyo huyo.

SWAUMU: Na akikuona wewe na kofia hiyo, atanyamaza?

BONAVENTURA: [mkwaruzo mrefu]

SWAUMU: Nakuuliza, Bonaventura. Atanyamaza?

BONAVENTURA: Hawezi. Huyo hata akifa atatutania.

OPERATA: Korogwe, dakika tatu zimekwisha. Nakata.

SWAUMU: Usikate, mwanangu. Tuongezee.

OPERATA: Mama, nina watu wanangoja laini... Haya. Ongeeni.

BONAVENTURA: Amerudi.

SWAUMU: Sajini?

BONAVENTURA: Yuko mlangoni. [kando] Bado, afande. [kimya] Hapana, afande, bado naongea.

SWAUMU: Basi iweke chini, mtani. Usijitie matatani hapo hapo. Nitamwambia Inspekta nimekukosa.

BONAVENTURA: Mpe simu.

SWAUMU: Na huyo mlangoni?

BONAVENTURA: Mpe simu Inspekta, dada, kabla sijaanza kutetemeka.

SWAUMU: Nampa. Kwaheri, mtani. Mungu akuweke. [kwa mbali] Baba, baba Inspekta, usipande gari, shika hii— [vishindo, mkwaruzo]

BONAVENTURA: Jambo afande. Konstebo Bonaventura, Kwediboto. [kimya] Ndiyo afande, yupo hapa, ananisikia. [kimya] Sikukaa mbele, afande. Nilikaa nyuma na mtuhumiwa. Ufunguo wa pingu ulikuwa mfukoni mwangu, na ulikaa humo humo mpaka tulipomshusha.