Nukta Iliyosogea
Muuguzi alijifanya anasinzia basini, kumbe ametega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana mmoja alikuwa akimweleza mama mshonaji kazi yake: kusaka mawe ya angani yanayoweza kuigonga dunia. “Tunapiga picha nne za sehemu ileile ya anga, mama. Nyota zinabaki palepale. Nukta ikisogea hata kidogo, tunaidaka.”

“Hodari! Mkeo bila shaka anatamba mtaani.”

“Alihama, mama. Alibeba hata mapazia.”

“Uligundua lini?”

Kijana akakohoa. “Siku ya tatu. Nilidhani yuko jikoni.”

“Na hilo jiwe, mwanangu, nalo mtaligundua siku ya tatu?”

Kijana akafungua mdomo, basi likasimama. Muuguzi akashuka mbio bila kusikia jibu: alikuwa amepitiliza vituo viwili.