Thelathini na Mbili au Milimita Tisa

Basi lilipopita Mtumba, Mzee Bushiri alikuwa amekwisha kumchukia bwana wa kiti cha mbele. Mwaka ulikuwa 1994, biashara ya mahindi imeachiwa watu binafsi, na bwana huyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amehamia Kibaigwa msimu huo na malori mawili. Sasa alitaka bastola.

"Chukua thelathini na mbili," askari mstaafu aliyeketi naye alimshauri. "Risasi yake ni ndogo, haikurushi mkono, utalenga vizuri."

"Afande, jambazi kwa risasi ndogo? Mimi nataka milimita tisa. Hata nguruwe wakiingia shambani, nimalizane nao."

"Nguruwe kwa bastola utamkasirisha tu. Na hiyo tisa inapenya ukuta hadi kwa mtoto wa jirani."

Bushiri aliguna. Yeye aliomba kibali cha gobole, gobole tu la kufukuzia nguruwe, akanyimwa mara mbili. Hadi leo analala na rungu uvunguni, na huyu anachagua risasi kama anayechagua kitambaa cha suti.

Basi lilisimama Kibaigwa wakiwa bado wanabishana. Mwenye malori akageuka, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Namtafuta mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bushiri. Fomu yangu ya bastola imebakiza muhuri wake tu."

Bushiri aliupapasa muhuri ndani ya mfuko wa koti.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Bushiri amesafiri. Na hakusema atarudi lini."